Kujiandikisha kupiga kura ukiwa mkazi wa Jiji la Mbeya: mwongozo wa hatua kwa hatua

Uchaguzi ukikaribia, na hata ukishapita, maswali ninayoulizwa hapa Mbeya ni yaleyale. "Naenda wapi kujiandikisha?" "Mimi niliandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, mbona jina langu halipo?" "Nimehamia hapa kutoka Kyela, kadi yangu bado inafaa?" "Sina NIDA, watanikubali?" Nimeyakusanya majibu hapa, hasa kwa ajili ya kijana anayeandikishwa kwa mara ya kwanza na kwa mtu aliyehamia jijini kutafuta maisha. Mlioko Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa nanyi mtumie. Utaratibu ni mmoja, yanayobadilika ni majina ya kata tu.

Kabla ya yote, shika hili: kuandikishwa kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachowakosesha watu haki yao ni yale yanayotangulia. Mtu anafika kituo kisicho chake, au anafika wakati zoezi limefungwa, au jina lake linaandikwa tofauti na vyeti vyake na yeye hasomi kabla ya kuondoka. Yote hayo yanazuilika ukijiandaa.

Kuna orodha mbili, usizichanganye

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Orodha ya kwanza ni ya uchaguzi wa serikali za mitaa, yaani wa kumpata mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake, na kwa vijijini wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Uchaguzi huo unasimamiwa na OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Unaandikishwa mtaani kwako, jina linaingizwa kwenye orodha ya mtaa huo, na hupewi kadi yoyote. Mara ya mwisho uandikishaji huo ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024, kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Uchaguzi ule ulipokwisha, na kazi ya orodha ile ikaisha.

Orodha ya pili ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Hili ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo kabla ya sheria mpya za 2024 tuliizoea kwa jina la Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Daftari hili ndilo linalotumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Ukiandikishwa humo unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, na unaondoka na kadi ya mpiga kura mkononi.

Mwaka 2024 mazoezi haya mawili yalifuatana kwa karibu sana. Oktoba watu walipanga foleni kwa ajili ya mtaa, na mwishoni mwa Desemba vifaa vya Tume vikafika Mbeya. Aliyeandikwa Oktoba alijiona amemaliza, akaendelea na biashara zake. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulipofika, hakuwa na kadi wala jina.

Kwa hiyo ukijiuliza "mimi nimeandikishwa au la?", jiulize maswali mawili: je, nilipigwa picha? Je, nilipewa kadi yenye namba inayoanza na herufi T? Kama majibu ni hapana, haumo kwenye Daftari la Kudumu, hata kama mwenyekiti wako anakufahamu tangu utoto. Kadhalika, kuwa na kadi ya Tume hakukuingizi kwenye orodha ya mtaa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukifika tena, utajiandikisha upya mtaani kama wengine wote.

Zoezi hufunguliwa lini

Hakuna dirisha la kila siku pale halmashauri ambako unaingia tu na kuandikishwa. Sheria inaitaka Tume iliboreshe Daftari, yaani iandikishe wapya na kurekebisha taarifa za waliomo, mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na siku ya uteuzi wa wagombea wa uchaguzi mkuu unaofuata. Tume hutangaza ratiba, vifaa vinazunguka mkoa baada ya mkoa, na kila mkoa unapewa siku zake.

Uboreshaji uliopita ulizinduliwa Kigoma Julai 2024. Mbeya na Iringa zilipangiwa tarehe 27 Desemba 2024 hadi 2 Januari 2025, siku saba tu, katikati ya Krismasi na mwaka mpya. Wakazi wengi wa jiji walikuwa wameshapanda magari kwenda Tukuyu, Kyela na Rungwe kwa wazee, na waliobaki walikuwa na mvua za Desemba. Mei 2025 ikafuata awamu ya pili, yenye vituo vichache zaidi. Nayasema haya ili ujue kwamba ratiba haitangoji likizo yako wala mavuno yako. Inapotangazwa, ipange safari kuizunguka.

Siku za zoezi, vituo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni.

Tangazo utalisikia redioni, kwenye gari la matangazo linalopita mtaani, na utalikuta limebandikwa ofisi ya kata. Kama husikilizi redio, jenga mazoea ya kumuuliza mtendaji wa mtaa wako. Yeye huwa na taarifa mapema, na si kazi ya kumwonea haya.

Nani anaruhusiwa

Raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 18, au atakayetimiza miaka 18 kabla ya siku ya uchaguzi wenyewe. Hiki kipengele cha mwisho vijana wengi hawakijui. Uchaguzi mkuu ujao ni wa 2030. Aliyezaliwa mwanzoni mwa 2012 leo ni mtoto wa shule, lakini uboreshaji utakaofanyika kabla ya uchaguzi huo unamhusu hata kama siku ya kuandikishwa bado ana miaka 17. Mzazi, mhesabie mwanao.

Anayekosa sifa ni mwenye uraia wa nchi nyingine, pamoja na wachache ambao Katiba na sheria ya uchaguzi zinawataja, kwa mfano aliyethibitika kuwa na ugonjwa wa akili. Kuwa mpangaji hakukuzuii, wala kutokuwa na ajira, wala kutojua kusoma.

Vya kuandaa kabla ya siku

- Chochote kinachothibitisha umri na uraia wako: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA au namba yake, leseni ya udereva, pasipoti, cheti cha shule. Kutokuwa na kadi ya NIDA kusikubakishe nyumbani. Beba ulicho nacho.
- Kadi yako ya zamani, kama umehama au unarekebisha taarifa.
- Karatasi ndogo uliyoandika majina yako matatu kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye cheti chako, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kata na mtaa unaoishi.
- Mwavuli au koti la mvua, maji ya kunywa, na kitu cha kutafuna. Foleni inaweza kuwa ndefu, hasa siku mbili za mwisho.

Pesa hazimo kwenye orodha hii kwa sababu hazihitajiki. Kuandikishwa ni bure, kuhamisha taarifa ni bure, kadi mpya badala ya iliyopotea ni bure. Ukiambiwa utoe hata shilingi mia tano ya "fomu", umekutana na tapeli.

Ile karatasi ya majina usiidharau. Majina ya huku kwetu yana y, s na k zinazokaa pamoja kwa namna ambayo mwandishi aliyetoka mkoa mwingine hajaizoea. Ambakisye anageuka Ambakisya, Mwakyusa anakuwa Mwakiusa, Atupakisye anaishia popote. Ukilitamka kwenye foleni yenye kelele, ataandika alivyosikia. Ukimpa karatasi, ataandika alichoona.

Hatua zenyewe

1. Jua kata yako na kituo chako.
Unaandikishwa pale unapoishi, si pale unapofanyia kazi. Mwenye meza pale Mwanjelwa anayelala Iganzo anaandikishwa Iganzo. Jiji la Mbeya lina kata 36, na mipaka yake mingine inapita katikati ya nyumba zinazotazamana, hivyo usikisie. Muulize mtendaji au balozi wako: "Mtaa wetu unaandikishiwa kituo gani?" Mara nyingi ni shule ya msingi au ofisi ya mtaa, lakini si lazima kiwe kile kilichokuwa karibu nawe mara iliyopita.

Wakazi wa Mbalizi wawe waangalifu zaidi. Mji mdogo wa Mbalizi uko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, Jimbo la Mbeya Vijijini. Haumo jijini, hata kama unapanda daladala kila asubuhi kuja Kabwe. Na usichanganywe na kata ya Mbalizi Road, hiyo iko jijini kabisa.

Tena, tangu 2025 jiji letu lina majimbo mawili, Mbeya Mjini na Uyole. Ukihama Uyole kwenda Forest, umebadilisha jimbo ingawa bado ni jiji lilelile na mkoa uleule. Taarifa zako zinatakiwa zihame pamoja nawe.

2. Angalia kama tayari umo.
Kama uliwahi kuandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2015, 2020 au 2025, wewe si mpiga kura mpya. Kadi zote hizo bado ni halali. Ikiwa hujahama, kadi haijaharibika na taarifa ziko sawa, huna unachotakiwa kufanya. Mwachie nafasi mwenzako kwenye foleni.

Angalizo: usijiandikishe upya eti kwa sababu kadi imepotea na unaona ni njia ya mkato. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au vyote pamoja. Na mfumo unalinganisha alama za vidole, kwa hiyo utaonekana.

3. Kama umehama au unarekebisha, anzia kwenye simu.
Wakati wa uboreshaji Tume hufungua mfumo wa mtandaoni, OVRS, ambao pia hupatikana kwa kupiga *152*00# hata kwenye simu ya batani. Unajaza ombi lako la kuhama au kurekebisha, kisha unaenda kituoni kukamilisha. Tunza kumbukumbu ya ombi lako, iandike pembeni au piga picha ya skrini.

Kuna mambo mawili ya kuelewa hapa. Mfumo huu ni wa walioko tayari kwenye Daftari. Mpiga kura mpya anaenda moja kwa moja kituoni, kwa sababu vidole vyake havijawahi kuchukuliwa. La pili, ombi la kwenye simu peke yake halijakuhamisha. Usipofika kituoni, unabaki ulikokuwa. Kama simu inakusumbua, achana nayo, nenda kituoni tu na kadi yako. Yote yanafanyika pale pale.

4. Fika kituoni wewe mwenyewe, siku za mwanzo.
Huwezi kumwakilisha mtu, wala kuwakilishwa. Siku ya kwanza na ya pili foleni huwa fupi, watu bado wanasema "nitaenda kesho". Siku ya mwisho kila mtu yuko pale.

Wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, wajawazito na akina mama waliokuja na watoto wachanga hawapangi foleni. Huo ni utaratibu wa Tume, wala si fadhila ya mtu. Ukiwa na bibi yako, mpeleke mbele na useme. Ukimwona mzee amesimama nyuma kwa unyonge, mwambie asogee.

Utawakuta pia mawakala wa vyama wamekaa pembeni. Wako pale kisheria kuangalia zoezi linavyokwenda. Hawana mamlaka ya kukuuliza chama chako, kuandika namba ya kadi yako, wala kukurudisha nyumbani.

5. Jibu maswali ya mwandishi msaidizi.
Atakuuliza majina, tarehe na mahali ulipozaliwa, jinsia, unapoishi, na kama una ulemavu wowote. Mpe ile karatasi. Taja mtaa unaolala sasa, si kijiji cha baba yako, hata kama moyo wako uko kule. Nimeona mtu anaulizwa "unaishi wapi?" naye anajibu "Busokelo" kwa sababu ndiko kwao, wakati amepanga Ilomba miaka mingi. Jibu hilo linaleta mkanganyiko usio wa lazima.

Tarehe ya kuzaliwa itaje ileile iliyoko kwenye vyeti. Mtu mwenye tarehe tatu tofauti kwenye nyaraka tatu atasumbuka siku kadi ikipotea.

6. Picha, vidole, sahihi.
Mwendesha kifaa atakuweka mbele ya kamera. Vua kofia. Najua baridi ya huku, lakini ile kofia ya sufu ishuke, na skafu isizibe kidevu. Uso wote uonekane.

Kisha unaweka vidole vya mikono yote kwenye kifaa. Bonyeza kwa utulivu, usisugue. Mwisho unaweka sahihi. Asiyeweza kuandika aseme tu, asione aibu.

Teknolojia hii ya kuandikisha kwa picha na alama za vidole, BVR, ilipoanza kutumika nchini mwaka 2015, kazi ilianzia Makambako, mkoani Njombe, mwezi Februari. Kwa hiyo watu wa nyanda hizi tuna baadhi ya kadi za mwanzo kabisa za aina hii, na ndiyo maana nyingi zimeshaanza kufifia na plastiki kubanduka. Kama yako imefikia hali hiyo, omba nyingine zoezi likiwa wazi.

7. Soma kabla hujaondoka.
Hatua hii ningeiandika kwa wino mwekundu kama ingewezekana. Kadi inatolewa palepale, ikiwa na picha yako. Usiitie mfukoni. Sogea kwenye mwanga uisome herufi kwa herufi: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kituo. Linganisha na karatasi yako. Kama huna miwani, mpe unayemwamini akusomee.

Kosa ukiligundua ukiwa bado kituoni, linarekebishwa hapo hapo. Ukiligundua ukiwa nyumbani kesho yake, unarudi foleni. Ukiligundua baada ya zoezi kufungwa, unasubiri hadi lifunguliwe tena.

Ubaya wa herufi moja kukosewa unaonekana siku ya kupiga kura. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2025 aliyepoteza kadi aliruhusiwa kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha NIDA, ila kwa sharti kwamba jina liwe kwenye Daftari na majina yafanane na ya kitambulisho. Mwakyusa wa NIDA na Mwakiusa wa Daftari hawafanani.

8. Tunza kadi.
Andika namba yake pembeni au ipige picha ukae nayo wewe mwenyewe. Kadi usiiweke rehani kwa mkopeshaji. Wapo wanaochukua kadi za wateja kama dhamana ya mkopo wa wiki, na siku ya kura inafika kadi iko kwenye droo ya mtu. Usimkabidhi pia yeyote anayepita nyumba kwa nyumba "kukusanya namba", hata kama ni jirani, hata kama anakuahidi kanga au unga. Kununua na kuuza kadi ni kosa kisheria, na kura iliyo mkononi mwa mtu mwingine si yako tena.

9. Daftari la awali likibandikwa, nenda ukalione.
Watu wachache mno hufanya hili. Baada ya uandikishaji wa awali, Tume huweka wazi Daftari la awali vituoni ili kila mtu akague. Tafuta jina lako, na la mwenza wako, na la mama yako. Huu ndio wakati wa kusema "jina langu limekosewa" au "huyu ameshafariki". Ndio pia wakati wa kumwekea pingamizi mtu unayejua kwa hakika kwamba hana sifa. Pingamizi linafuata utaratibu wa fomu na ushahidi, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa mahakamani. Lisitumike kumkomoa mpangaji mliyegombana.

Wanafunzi wa vyuo

MUST, TEKU, Mzumbe, Chuo cha Uhasibu, na wenzenu wa Mkwawa na RUCU kule Iringa: uchaguzi mkuu wetu hufanyika Oktoba, na Oktoba mara nyingi chuo kimefungwa au ndiyo kwanza kinafunguliwa. Jiulize utakuwa wapi siku hiyo. Kama utakuwa nyumbani Sumbawanga, kuandikishwa Iyunga kwa sababu tu foleni ya karibu na hosteli ni fupi kutakugharimu nauli au kutakugharimu kura. Na anayemaliza mwaka wa tatu ajue kwamba kadi ya Iyunga haitamfuata aendako mpaka aihamishe.

Ikikwama

*Vidole havisomeki.* Hili ni la kawaida kwa mafundi ujenzi, wakulima wa viazi na wanaofua kwa ajira, kwa sababu ngozi imelika. Nawa mikono, ikaushe vizuri, ipashe joto kwa kusuguanisha viganja, ujaribu tena. Kama mikono ni mikavu sana na imepasuka, paka mafuta kidogo usiku wa kuamkia siku hiyo, ila usiende nayo ikiwa inateleza. Fundi, jaribu kwenda siku ambayo hujashika saruji. Asiye na vidole au mkono amweleze mwandishi mwanzoni kabisa, asisubiri hadi kifaa kimkatae.

*Kifaa kimegoma.* Baki, au uliza utarudi saa ngapi. Usikimbilie kituo cha kata nyingine ukaandikishwe huko, maana huko ndiko utakakotakiwa kupigia kura.

*Unaulizwa sana kuhusu uraia.* Mkoa wetu unapakana na Malawi pale Kasumulu, na jirani zetu wa Songwe wanapakana na Zambia pale Tunduma. Kuna koo za Kindali na Kinyakyusa zenye ndugu ng'ambo zote mbili, na jina peke yake halisemi mtu ni raia wa wapi. Usikasirike. Eleza wazazi walizaliwa wapi, ulisoma shule gani, toa cheti ulichonacho. Kama bado kuna shaka, omba suala lako lipelekwe kwa Afisa Mwandikishaji Msaidizi wa kata, na uende ukiwa na mtendaji au mwenyekiti anayekujua.

*"Kadi yangu ya 2015 ni ya Mkoa wa Mbeya, sasa mbona wananiambia nihame?"* Angalia uliandikishiwa wapi. Mkoa wa Songwe ulianzishwa 2016, na kabla ya hapo Tunduma, Vwawa, Ileje na Momba zote zilikuwa Mkoa wa Mbeya. Kama uliandikishwa Vwawa na sasa unaishi Ruanda, wewe ni mpiga kura wa Vwawa hadi uhamishe taarifa.

*Umeolewa na umebadilisha jina.* Halikulazimu kubadilisha kadi. Ila kama NIDA na nyaraka nyingine sasa zina jina la mume, rekebisha na Daftari zoezi likifunguliwa, ili zote ziseme kitu kimoja.

*Kadi imepotea na zoezi limefungwa.* Jina lako bado limo, kupotea kwa kadi hakukufuti. Hakikisha una walau kitambulisho kimoja kati ya NIDA, leseni na pasipoti chenye majina yaleyale, na ufuatilie tangazo la Tume kuhusu vitambulisho mbadala kabla ya siku ya kura.

*Umefika siku ya kura, jina halipo mlangoni.* Kituo ulichojiandikishia kinaweza kugawanywa vyumba kadhaa vya kupigia kura. Orodha hubandikwa siku chache kabla. Kagua vyumba vyote vya eneo lile kabla ya kukata tamaa, na uliza mwongozaji.

*Zoezi limekupita kabisa.* Uboreshaji hufanyika mara mbili kabla ya uchaguzi mkuu, kwa hiyo kama umekosa wa kwanza, utakuwepo wa pili. Tumia muda huo kutafuta cheti cha kuzaliwa RITA na namba ya NIDA, maana hizo ndizo huchelewa. Ukikosa wa pili pia, hutapiga kura katika uchaguzi huo.

*Ndugu amefariki na jina lake bado limo.* Aliyefiwa, au jirani anayejua, afike kituoni wakati wa uboreshaji na kutoa taarifa ili jina liondolewe. Nenda na kadi ya marehemu kama ipo, na cheti cha kifo au barua ya mtendaji kama unayo. Familia nyingi hupita pembeni ya jambo hili kwa uchungu, na inaeleweka. Mpe kazi hiyo mjomba au kijana mmoja wa nyumbani siku anapokwenda kuandikishwa mwenyewe, amalize yote kwa safari moja.